Mtoto Husafiri Bure

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni fundi wa mafriji. Mtaani wanamwita Baridi, naye huitika bila kinyongo, maana ndiyo kazi yake: anashinda ndani ya vyumba vya barafu vya wauza nyama, amevaa koti nene, huku wenzake nje wanajifuta jasho. Akiegemea friji lako kidogo tu, anakuambia mashine inakohoa wapi. Ni mtu wa maneno machache, mpole kupita kiasi, na kama si upole huo tungekuwa tumeshakosana siku nyingi, kwa sababu mimi sina subira na waoga.

Na huyu ni mwoga. Anaogopa baridi. Cheka tu, hata mimi nilicheka mwanzoni, mpaka nilipojua sababu.

Mtoto wao wa kwanza, binti, alikufa kwa nimonia akiwa bado hajajua kukaa. Daktari aliwaeleza vizuri kwamba ugonjwa ule humpata mtoto yeyote, wa tajiri na wa maskini. Mdogo wangu alilia mpaka sauti ikamkauka. Baridi hakulia. Alikuja kwenye kibanda changu cha kushonea nguo, akakaa kwenye benchi la wateja, akaniambia, "Shemeji, mimi nilikuwa nikitoka kazini nambeba moja kwa moja. Na lile koti."

"Acha upuuzi," nikamwambia. "Baridi haikai kwenye koti kama chawa."

Akaitikia kwa kichwa, lakini niliona wazi kwamba hakuniamini. Alikuwa ameshajihukumu mwenyewe.

Kisha akazaliwa wa pili, mvulana. Tulimpa jina la Mzee kwa sababu alikuja duniani na kipara, amenuna, kama mtu aliyekuja kudai haki yake. Baba yake alimvalisha kofia ya sufu tangu siku ya kwanza. Jua linawaka, Mzee ana kofia. Sisi tunajipepea, Mzee ana soksi mbili mbili. Nilisema mpaka nikachoka. Mdogo wangu aliniomba nimwache, kwamba yatampita mtoto akikua.

Mzee alikuwa na miezi saba ilipokuja habari ya safari. Tajiri mmoja mwenye ghala la nyama alikuwa ameokolewa na Baridi: mashine zake zote zilikufa kwa mpigo ghala likiwa limejaa, Baridi akazifufua. Kwa shukrani tajiri akamlipia safari ya wiki moja kwenye meli ya starehe, yeye na mkewe. Tulipokwenda kuchukua tiketi, binti wa ofisini alitabasamu mpaka jino la mwisho. "Na mtoto msiwe na wasiwasi," akasema. "Mtoto husafiri bure."

Chumba kilikuwa na kitanda cha tatu cha kukunja ukutani, na mdogo wangu akanisihi niende nao nimsaidie. Nililipia kitanda kile kwa akiba niliyoiweka ya kununua cherehani mpya. Sijutii cherehani.

Lakini hilo neno "bure", leo nikilisikia mahali nasisimkwa na mwili. Kitanda cha mtoto tuliambiwa ni cha kukodi. Chumba cha kulelea watoto kilikuwapo, kizuri, kimepakwa rangi za kila namna, ila hawapokei mtoto ambaye hajafikisha mwaka. Bwawa la kuogelea, mwenye nepi haingii. Maji ya moto ya maziwa, piga simu usubiri. Basi watu wazima watatu tukawa tunapokezana zamu ndani ya chumba kisicho na dirisha, mmoja anabaki na Mzee, wawili wanapanda juu kuona hiyo starehe.

Chumba chenyewe kilikuwa chini kabisa, kimepakana na sehemu ya kufulia nguo. Ukuta mmoja ulikuwa na uvuguvugu mchana na usiku kwa ajili ya mashine za kukaushia mashuka. Kitanda cha Mzee kilibanwa kati ya kitanda kikubwa na mlango wa bafu, na juu yake, kwenye dari, palikuwa na tundu la hewa linalopuliza baridi bila kupumzika. Hapakuwa na mahali pengine pa kukiweka. Nilipima kwa macho ya fundi nguo nikaona haiwezekani.

Baridi aliliona tundu lile kabla hajatua mizigo. Akapiga simu mapokezi, akaja kijana akazungusha kitufe, upepo ukapungua kidogo. Akapiga tena. Wakamwambia mtambo ni mmoja kwa meli nzima, hauzimwi chumba kimoja. Akashukuru, akakata simu. Tangu hapo ikawa kila nikiamka namkuta amekaa kitandani anatazama juu, kama mtu aliyeona nyoka darini.

"Lala, shemeji," nilimwambia.

"Nyinyi lalani tu," alinijibu. "Mimi nipo."

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, zamu ikawa yake. Sisi tukapanda kwenye sitaha. Kulikuwa na muziki, kulikuwa na watu wanaota jua kwenye viti virefu, na mimi kwa mara ya kwanza nilijisikia mtalii hasa. Mdogo wangu hakutulia. Alikuwa anakaa, anasimama, anashika kifua.

"Dada, nina wasiwasi. Sijui kwa nini."

"Wasiwasi wa nini? Yuko na baba yake. Mtoto akiwa na Baridi ni kama yuko benki."

Akacheka kwa kunifurahisha. Tukanywa juisi, tukatazama watu wakicheza. Kisha akainuka bila kuniambia kitu akaelekea kwenye ngazi, nami nikamfuata nikinung'unika.

Alipofungua mlango, joto lilitupiga usoni kama mtu amefunua sufuria. Baridi alikuwa amelala kitandani na fulana iliyolowa chapachapa, mdomo wazi. Mzee alikuwa kwenye kitanda chake na sweta, kofia, soksi, na blanketi juu. Hakulia na wala hakugeuka tulipoingia.

Mdogo wangu akamnyanyua, na kichwa cha mtoto kikaanguka nyuma.

Sijawahi kusikia ukelele kama ule alioutoa, na naomba nisiusikie tena. Mtoto alikuwa mwekundu, ngozi kavu, macho nusu wazi lakini hayatazami kitu. Nilimgusa shavu nikautoa mkono haraka. Mdogo wangu alikuwa ameshatoka mbio, na mimi nyuma yake. Lifti haikuja. Tukashika ngazi. Watu wenye aiskrimu mikononi wakajibana ukutani kutupisha. Nyuma yetu Baridi alikuwa anakuja peku, blanketi mkononi, anapiga kelele, "Mfunikeni! Mfunikeni jamani, atapigwa na baridi!"

Zahanati ya meli ilikuwa na daktari mmoja, mwanamke wa makamo, na nesi. Walimlaza Mzee juu ya meza wakamvua kofia. Daktari akampima joto, akatazama kipimo, akapima tena upande wa pili. Nikaona jinsi alivyobana midomo.

"Ameanza lini homa?"

"Hakuwa na homa," mdogo wangu akasema. "Amenyonya vizuri. Alikuwa anacheka. Hakuwa na homa!"

"Ametapika? Shingo mmeionaje?"

Hakuna aliyejua. Baridi alikuwa amesogea mezani, akamrudishia mtoto blanketi mpaka kidevuni. Nesi akalitoa. Baridi akalirudisha. "Ni baridi imemwingia, daktari," akasema. "Naijua. Ni baridi."

Hapo mguu mmoja wa Mzee ukaanza kuruka, halafu mkono, halafu mwili mzima. Degedege. Mdogo wangu akakaa sakafuni kama nguo iliyoanguka kwenye kamba. Daktari akawa anafanya mambo matatu kwa pamoja, na huku anatuambia, bila kutuficha, kwamba anahofia maambukizi kwenye ubongo, kwamba pale hana uwezo wa kuyatibu, kwamba atamwomba nahodha aite boti ya haraka imchukue mtoto. Boti. Katikati ya maji yale, na mtoto anaruka vile. Nilijua, kama mtu anavyojua jina lake, kwamba hatafika.

Nilitaka kumwomba Mungu, maneno yakanikimbia. Kilichokuwa kichwani mwangu ni lile joto la mlangoni. Na kitu kingine, ambacho sikukipata mara moja: ukimya. Siku zote tulizokaa, chumba kile kilikuwa na mvumo. Nilipoingia haukuwapo.

"Shemeji," nikasema. "Lile tundu. Umelifanya nini?"

Akanitazama. "Nimeliziba."

"Lini?"

"Mlipotoka tu. Nilifungua ule mfuniko, nikakata boksi la pampasi, nikaweka na tepu pande zote." Alinieleza kama anavyomweleza mteja. "Nimeliziba vizuri, shemeji. Hata upepo wa sindano haupiti."

Daktari aliacha kila kitu akageuka. "Chumba gani? Cha chini? Kule kwa mashine za kufulia? Na mtoto alikuwa amevaa hizi zote?"

Hakungoja jibu. Akamwambia nesi aache simu ya nahodha. Wakamchania Mzee sweta kwa mkasi, wakamvua hata nepi, wakamfunika vitambaa vya maji. Daktari akawasha kiyoyozi cha zahanati mpaka mwisho. Mtetemeko ulipopungua, akamgeukia Baridi.

"Baba, mbebe. Simama naye hapa, chini ya upepo huu. Mimi nahitaji mikono yangu miwili nitafute mshipa."

Baridi akarudi nyuma. "Hapana. Atakufa."

"Atakufa ukimfunika. Mshike!"

Akampokea. Nimewaona watu wakiogopa, nimeogopa na mimi, lakini woga wa siku ile sijauona tena. Alisimama chini ya upepo ule wa barafu na mwanawe uchi, ameloa maji. Alifumba macho. Meno yalikuwa yanalia. Kila upepo ulipozidi, mwili wake ulijikunja kumkinga mtoto, na daktari akamkemea, "Mnyooshe! Mwachie upepo!" naye akamnyoosha, machozi yanamtoka. Alikuwa anasema kitu kwa sauti ya chini. Nilisogea nikasikia. Alikuwa anamwomba binti yake msamaha.

Kisha Mzee akalia. Kilio kidogo, cha kukwaruza, cha kununa. Mdogo wangu akainuka kutoka sakafuni.

Boti haikuitwa. Mtoto alilala zahanati siku mbili, dripu mguuni, tukapokezana kumkodolea macho. Huko chini fundi mkuu wa meli alikuja kufungua lile tundu, akalishika boksi la pampasi akaligeuzageuza, akauliza ni nani aliyefanya kazi safi namna ile. Alipojibiwa kwamba ni baba wa mtoto, fundi wa mafriji, hakucheka. Tulitozwa faini ya kuharibu mtambo, na zahanati nayo ikaleta hesabu yake, na zawadi ya tajiri haikugusa hata senti ya hayo. Tulilipa na kulipa. Hilo lilikwisha.

Lisilokwisha ni hili. Usiku ule ule wa kwanza pale zahanati, Baridi alimwambia mkewe mbele yangu, "Usiniache naye peke yangu. Nakuomba." Tukadhani ni mshtuko. Lakini tumerudi nyumbani, Mzee amepimwa na kupimwa tena, mzima wa afya, anatembea sasa, anavunja vyombo, na baba yake bado. Mdogo wangu akitoka kwenda sokoni, mara namwona Baridi anavuka ua ulio kati ya nyumba yao na yangu, mtoto begani, anakuja kibandani kwangu. "Shemeji, mguse. Ana joto? Ana baridi?" Namgusa, namwambia yuko sawa. Anakaa kidogo. "Mguse tena."

Wiki iliyopita nilichoka naye. Au niseme kweli, nilimwonea huruma, na huruma yangu siku zote hutoka na makali. Alipotokea mlangoni nikamwambia, "Leo hapana. Rudi naye nyumbani, mlaze, ukae naye."

"Shemeji, nakuomba..."

"Mtoto ni wako. Nenda."

Akageuka. Nikarudi kwenye cherehani. Uzi ukakataa kuingia kwenye sindano. Niliukata, nikaulamba, ukakataa tena. Nikatega sikio upande wa nyumba yao. Kimya. Nikajiambia mtoto amelala, watoto hulala mchana. Kimya kile kikanipanda kifuani mpaka nikatupa kitambaa chini nikavuka ua mbio, mimi niliyesema sina subira na waoga.

Mlango ulikuwa wazi, madirisha yote wazi. Mzee alikuwa amelala kwenye godoro katikati ya chumba, na kifulana chepesi, hana kofia. Baba yake alikuwa amepiga magoti pembeni, uso umelowa.

"Namtazama anavyopumua," akaninong'oneza. "Njoo umguse."

"Mguse wewe," nikasema.

Akanyoosha mkono. Ukafika juu ya kifua cha mtoto, karibu kabisa, ukasimama pale hewani. Mimi nilibaki kizingitini, nimezuia pumzi, namsubiri aushushe, na hakuweza.