Moshi wa Ijumaa wa Dada Verlie

Alizaliwa wakati wa theluji, tarehe 3 Machi 1919, katika bonde la makaa ya mawe mashariki mwa Kentucky, wakamwita Verlie. Alipoitikia wito alikuwa na miaka kumi na saba. Wazee walipasua barafu ya kijito kwa shoka ndipo wakambatiza, naye akatoka majini akiimba. Mumewe, Arlie Caudill, alifukiwa mgodini mwaka 1951. Tangu hapo aliishika kwa nguvu desturi ya akina mama wa kanisa lile: kila Ijumaa kufunga kwa ajili ya wagonjwa, na jiko kuzimwa tangu alfajiri. Inakumbukwa hata leo jinsi Nova, binti wa shemasi Estill Fugate, aliyelala siku nne bila kufumbua macho, alivyoamka na kuomba maziwa Ijumaa jioni, Verlie akiwa amemfungia.

Mwaka 1976 macho ya Verlie yalififia, na mpwa wake wa Ohio akampelekea Biblia ya maandishi makubwa. Ilikuwa tafsiri mpya, na kanisa lile halikusoma ila ile ya zamani. Estill alipopita kunywa kahawa aliifunua katika Marko, pale wanafunzi waliposhindwa kumtoa pepo. Katika tafsiri ya zamani dawa ni kuomba na kufunga. Hii ilisema kuomba tu, na kufunga kumeshushwa chini ya ukurasa kwa herufi ndogo kama sisimizi. Estill aliamini kwamba mafundisho hubomolewa neno moja moja, na ni vigumu kumlaumu. Akaanza kulichunga bomba la jiko la Verlie. Ijumaa ya kwanza, moshi. Ya pili, moshi, na harufu ya maharage na nyama ya nguruwe hadi barabarani. Dalili ya mvua ni mawingu, alijiambia, akavumilia Ijumaa kumi na moja.

Jumamosi ya kikao cha kanisa, Agosti 1977, alisimama mbele ya wote. Kila mmoja alijua kwamba anayeondolewa ushirikani haoshwi tena miguu na dada zake katika ibada ya kuoshana miguu ya kila Juni.

"Dada Verlie, bado unafunga, au kitabu chako kimekuruhusu kula?"

"We Estill," bibi mmoja akadakia kutoka nyuma, "yaani umeganda kwenye mabomba ya watu kama masizi!"

Watu wakacheka. Estill hakucheka. "Ule moshi ni wa nini?"

"Nilikuwa napika."

"Unampikia nani?"

Verlie akamtazama usoni. "Ndugu yangu, Bwana aliniambia nikifunga ninawe uso, nisitangaze. Hilo limo kwenye kitabu chako, na kwenye changu limo."

Estill alisikia ujanja mtupu. Kura zikapigwa, na Verlie akaondolewa. Kila Juni baadaye aliketi benchi la mwisho, viatu miguuni, akiwatazama wenzake wakioshana.

Alifariki tarehe 11 Februari 1982. Mazikoni alikuja Corbett Amburgey, mchimba makaa mwenye mapafu yaliyooza kwa vumbi, aliyefukuzwa kanisani zamani kwa ulevi. Alishika jeneza ili asianguke.

"Mlitaka kujua nani alikuwa anakula? Ni mimi. Kila Ijumaa, miaka sita, alipanda kilima na sufuria, akanilisha kwa kijiko. Nikimwambia, 'Verlie, onja basi,' ananijibu, 'Leo si zamu yangu, Corbett.'"

Estill alilia mbele ya watu wote. Kisha akaomba ile Biblia ya maandishi makubwa, akaifunua palepale. Neno "kufunga" bado halikuwamo katika mstari, na mpaka leo haiamini tafsiri ile. Lakini Verlie aliyeisoma alikuwa amefunga Ijumaa zote kumi na moja, yeye akitazama moshi.

Jina la Verlie lilirudishwa kanisani, na kila Juni beseni la maji huwekwa mbele ya benchi lake. Wapendwa, tuige mfano wake. Ijumaa hizi moshi hutoka jikoni kwa Estill, naye hupanda kilima kwa Corbett na sufuria. Tusimuulize kama amekula.