Migongo Sita ya Sokoni

Ilikuwa Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi, nimeshuka bodaboda sokoni kwetu Ruaruke, shule imefungwa, ndipo nilipogundua mkono wangu haupiti tena.

Ngoja nikueleze vizuri, maana hili sijawahi kuliandika popote.

Pale sokoni, nyuma ya wauza samaki wa ng'onda, kuna sanamu la saruji. Wanaume sita, kimo cha watoto wa darasa la saba, wamesimama bega kwa bega wakiuelekea ukuta. Unachoona ni migongo tu, na makoleo mabegani. Ni watu wa hapa waliokwenda kuchimba makaa ya mawe, mbali huko kusini, mgodi ukawaangukia. Hawakutolewa. Baba yangu ni mmoja wao. Mimi nilikuwa bado tumboni. Picha yake hatuna. Aliyelijenga sanamu ni fundi mwashi aliyekuwa nao kule; siku ile homa ilimbakisha kambini.

Fundi alitaka kuwatia sura. Wazee wakakataa: sanamu lenye macho, na msikiti ule pale? Fundi akasema haya, nitawageuza. Wakageuzwa, mambo yakaisha. Utotoni mwangu akina mama walianika kanga kwenye yale makoleo, mbuzi walijikuna miguuni mwao, na sisi tulicheza kombolela, anayehesabu akifumba macho juu ya mgongo wa marehemu. Harufu ya pale ninayo mpaka leo: samaki wakavu, vitumbua vya mama jirani, na saruji iliyopigwa jua baada ya mvua.

Mimi si mtu wa kelele. Nilikuwa nikijificha, nabaki nimejificha hata mchezo ukiisha. Nikiwa darasa la pili, nimejibanza pale, nikajiuliza: hivi mbele yao kuna nini? Kati ya bega na bega palikuwa na upenyo mdogo. Nikapenyeza mkono. Nikagusa pua.

Weee! Niliuchomoa, ngozi ikachubuka. Kisha nikaurudisha. Midomo, nyusi, macho. Wote sita! Wa tatu alikuwa na mfereji kidevuni, na hapo nikatulia kabisa, kwa sababu bibi, mama yake baba, hakuchoka kusimulia jinsi mwanawe alivyoangukia mbuzi ya kukunia nazi akapasuka kidevu.

Nyumbani bibi akauona mkono.

"Mke mwenzangu, umepigana na nani?"

"Nimeanguka."

"Mtu huanguka kiwiko peke yake?" Akacheka, akanipaka mafuta ya nazi.

Nusura nimwambie. Lakini huyu ndiye bibi aliyemfuta macho mwanasesere wangu kwa masizi, akisema nyumba yenye sura malaika hawaingii. Niliogopa atawaambia wazee, nao walete nyundo. Nikanyamaza. Miaka yote nikawa namsalimia baba kwa vidole, peke yangu.

Sasa Jumamosi hiyo mkono ukakwama. Nikasukuma mpaka machozi yakanitoka. Upenyo ni uleule. Niliyebadilika ni mimi. Nikawaza, nani atakijua tena kidevu kile? Na mama yake yupo nyumbani, hajamgusa tangu amuage.

Jioni, bibi akipepeta mchele, nikamwambia yote. Aliendelea kupepeta mchele uliokwisha kuwa safi.

Asubuhi yake, baada ya swala ya alfajiri, kabla meza za samaki hazijapangwa, nilimshika mkono tukaenda. Mkono wake siku hizi umekonda, ukapita. Nikamwonyesha wa tatu. Bega lake tu lilicheza kidogo kufuata vidole.

"Hajazeeka," akasema.

Kisha akautoa mkono, akaufuta kwa kanga, akanikazia macho.

"Huku mbele ni ukuta mtupu. Umesikia, mke mwenzangu? Ukuta mtupu."

Nikasema nimesikia. Tukarudi nyumbani, nimeushika mkono wake uleule.