Mpini Usawa wa Kiuno

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Sakafu, kama walivyomwita wenzake hospitalini, aliendesha mashine ya kung'arisha sakafu kwa vidole tu: akiinua mpini kidogo inakwenda kulia, akiushusha inakwenda kushoto, na waya kautupia begani usiliwe na brashi. Cheo cha msimamizi alichokisubiri muda wote huo akapewa mpwa wa meneja.

Siku ya kwanza bwana huyo aliikamata mashine kwa nguvu, ikamburura hadi ukutani.

"Shangazi, hii imeharibika!"

"Wala! Haitaki mieleka, bosi. Mpini usawa wa kiuno, basi."

Wiki iliyofuata bosi huyo aliwakusanya wasafishaji wote, akawafundisha maneno yaleyale, kisha akamsogezea Mama Sakafu karatasi.

"Tia saini, shangazi, kwamba nimekufundisha."

Akatia. Kalamu ikatoboa karatasi.