Buti za Wifi na Mti wa Mawimbi

Mwaka wenyewe siujui kwa hesabu, lakini ni ule tuliokula samaki kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo watu wetu walimwita nyoka wa majini. Posho ya mahindi ilipopungua, mzungu wa shamba letu kando ya ziwa la Naivasha akaanza kutugawia samaki kila Jumamosi. Tulikula tumefumba macho. Ukisikia mtu wa kambi yetu amezaliwa mwaka wa samaki, ndio huo.

Tulipozoea, mzungu akataka kufuga. Alitaka kujenga boma la nguzo na waya ndani ya ziwa, lakini kwanza ajue mawimbi ya pale yana nguvu gani, yasije yakalivunja. Akasimamisha mti majini, umepakwa pete nyeupe na nyeusi. Asubuhi, saa nane na jioni, mtu aingie maji ya magoti, atazame wimbi linafika pete ya ngapi, aandike.

Kazi akapewa wifi yangu, dada ya mume wangu. Yeye alifika darasa la nne misheni. Mimi nilisoma wiki mbili, mbuzi wakanirudisha nyumbani. Akapewa daftari, penseli na buti za mpira zinazofika magotini. Wivu ulinikaba kama ugali mkavu. Mimi ndiye niliyefua nguo pale kila siku! Nililijua ziwa lile: asubuhi limelala kama ng'ombe aliyeshiba, ikifika saa nane upepo unashuka, na mahali ambapo maji yalikuwa magotini, wimbi linakupiga kifuani. Nani aliniuliza? Hakuna.

Na buti zile hazikulowa hata siku moja. Wifi aliogopa maji, na viboko aliogopa zaidi. Asubuhi alisimama nchi kavu, akatazama mti kwa mbali, akaandika ya siku nzima kwa mpigo mmoja: pete mbili, pete mbili, pete mbili.

Siku moja akanijia nikifua.

"Wifi yangu mpenzi, si uniangalizie pete za saa nane? Kuhesabu unajua."

"Na hizo buti ni za kwenda kanisani?"

"Acha maneno. Nitakuazima Jumapili."

Hapo alinipata, sitadanganya. Nilijiona nikipita nazo mbele ya kambi nzima. Lakini mdomo ukatangulia: "Mimi siingii majini ili wewe uandike."

"Haya, kaa na kiburi chako. Ufulie hicho, sabuni imepanda bei."

Ningeweza kumwambia nyapara. Nikaendelea kufua. Nilitaka boma livunjike, na aibu imwangukie yeye.

Likajengwa, mume wangu akiwa kati ya waliosimika nguzo. Samaki wakatiwa ndani. Haikupita wiki, upepo wa mchana ukaangusha nguzo kama mabua. Samaki wakaenda zao, waya ukamchana mume wangu kiganja akijaribu kuuokoa, na Jumamosi ile hakuna aliyekula samaki, hata watoto wangu. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Mzungu akaja na daftari mkononi. Wifi analia. Nyapara akauliza kwa ukali, "Haya mawimbi yametoka wapi, na hapa yameandikwa madogo?"

"Yametoka wapi!" nikasema. "Saa nane hapa yanafika kifuani. Kila siku ya Mungu."

Wakanisimamisha majini tungoje. Upepo ukaja kwa wakati wake, wimbi likanipiga hapa, kwenye kifungo cha pili cha blauzi. Kambi ikapiga kelele. Mzungu akacheka, akasema neno na nyapara.

"Kesho tunapima mahali pengine," nyapara akatangaza. "Mama huyu ataingia majini na kusema, binti huyu ataandika."

Wifi akavua buti, akaninyooshea kwa mikono miwili, macho yake mekundu. Zilikuwa kavu, zinang'aa kama mpya. Mume wangu, kiganja kimefungwa kitambaa, akaninong'oneza, "Mama watoto, chukua tu."

Mzungu ndiye aliyengoja jibu, lakini mimi nilimtazama wifi.

"Mimi siingii majini ili wewe uandike."