Mluzi wa Jioni

Nakumbuka siku moja jioni nilifunga kanga zangu kwenye furushi, nikaapa kwamba mluzi ule sitausikia tena.

Ngoja kwanza, mwanangu, nisikuchanganye. Umeniambia walimu wako chuoni wanabishana hisia zinatoka wapi: wengine wanasema ni jambo lenyewe lililokupata, wengine ni mwili, wengine ni vile unavyolichukua. Wabishane tu. Mimi nakwambia yaliyonikuta.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, tukahamia kijiji kipya cha ujamaa huku chini, Makanya. Joto, vumbi na mkonge! Kila jioni nikitazama juu milimani kwetu Vudee, ukungu umeshuka, moyo ulinidunda mpaka chakula hakipiti. Na mume wangu, Muha aliyekuja kutoka Kigoma kukata mkonge, wakati huohuo anakaa mlangoni anapiga mluzi. Majirani walilalamika kwamba anaita nyoka. Mimi nilisema ana roho ngumu: mke analia, yeye anafurahi.

Basi siku ile nikabeba furushi, nikampita palepale mlangoni.

"Unakwenda wapi, mke wangu?"

"Kwetu! Wewe endelea na sherehe yako. Hujui kukumbuka kwenu ni nini."

Akasema taratibu, "Huu mluzi ni wa baba yangu, alikuwa akiwaitia ng'ombe. Wewe kwenu unapaona ukisimama hapa. Mimi kwetu sijapaona tangu nilipokuja. Nikipakumbuka sana naupiga, namwona mzee anakuja, nashukuru kwamba nina kwetu pa kupakumbuka."

Jamani! Nilikaa chini na furushi langu. Kumbe moyo wake ulidunda kama wangu. Ila mimi nilijiambia nimenyang'anywa kwetu, yeye akajiambia alibahatika kuwa na kwao.

Usidhani nililala bila kulia, wala joto halikupungua. Lakini nilibaki, nikazaa hapa, nikazeeka hapa. Yeye sasa hayupo. Jioni ninamkumbuka mpaka kifua kinauma, basi naupiga mimi mluzi wenyewe, kibogoyo hivi, wajukuu wanacheka mpaka wanagaagaa.

Kwa hiyo, mwanangu, moyo ukikuuma usikimbilie kufunga furushi. Sikiliza kwanza unajiambia nini. Na aliye karibu nawe, usimhukumu kwa kicheko chake, muulize. Mungu akujalie mengi ya kukumbuka, na akupe mtu wa kukaa naye mlangoni unapoyakumbuka.