Leso Kiganjani mwa Baba

Miaka ile ya soko huria nilikuwa nafundisha kemia Mwanza, kidato cha tano na cha sita, na mada iliyonichosha kuliko zote ilikuwa fomalini na ndugu zake. Wanafunzi walikariri tu. Nikawa nawaambia: jamani, acheni kuimba, tazameni ubaoni. Kaboni hii ya fomalini imevutwa elektroni zake na oksijeni, ina njaa. Naitrojeni ya protini ina jozi ya elektroni za ziada, inakuja inaungana nayo. Kisha maji yanatoka, na naitrojeni ya protini jirani inachukua nafasi ile. Sasa protini mbili zilizokuwa zinateleza kila moja kivyake zimefungwa daraja, hazikunjiki tena. Walinakili, wengine wakasinzia.

Baba alikuja kutoka Kagera kutibiwa, akafia kwangu Mkolani. Meli ya Bukoba ilikuwa haijarudi, na mwili usingekaa na joto lile bila dawa. Mama alikuwa nyumbani, miguu haimruhusu kusafiri. Akanipigia kwa simu ya parokia. Hakulia. Alisema, "Rozari yake ninayo mimi. Mtu asimshikishe nyingine. Nitamshikisha kwa mikono yangu."

Mochwari hapakuwa na fomalini. Siku hizo hospitali ilikuwa inakutuma dukani. Nikainunua kule Mirongo, nikarudi na chupa ndani ya mfuko wa rambo. Nikamkuta baba amelazwa mikono ubavuni, vidole vimenyooka kabisa. Hasira ikanipanda, hata sijui nilimkasirikia nani.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia mhudumu. "Usichome kwanza."

"Marahaba, mwalimu. Pole. Nisubiri nini? Baba hana haraka, lakini mimi ninayo."

"Vidole. Ukimchoma dawa hivi havitakunjika tena, na mama anataka kumshikisha rozari."

"Huwa tunaifunga kwa uzi juu ya vidole. Nani atachungulia?"

"Mama atachungulia."

Akanitazama, akaiweka sindano chini. Niliilaza mikono ya baba kifuani. Vidole vilikuwa baridi, vimekakamaa, nikawa navisugua na kuvikunja kimoja kimoja mpaka vikakubali. Ndani ya kiganja nikaweka leso yangu ya mtumba, nimeiviringisha, ili ibaki nafasi. Nikavifunika vidole vyake kwa vyangu, nikasema haya, choma.

Nilisimama pale muda mrefu. Niliyajua yote yaliyokuwa yanatokea chini ya ngozi ile, kaboni, naitrojeni, maji, na hayakunifariji hata kidogo. Nilichokuwa naogopa ni kwamba nafasi niliyoiacha haitoshi, na haitarekebishika tena. Ndipo nikalia, mbele ya mhudumu. Yeye akajifanya anaosha vyombo.

Meli ilipokuja tulisafiri. Nyumbani mama aliletewa kigoda karibu na jeneza. Alivigusa vidole, akaiona leso, akaichomoa na kunirudishia bila kuuliza. Akapitisha rozari punje kwa punje mpaka msalaba ukalala kiganjani. Ilitosha. Kisha akaingiza vidole vyake mwenyewe, palepale palipokuwa na leso.

"Amenishika," alisema.

Padre alipofika na wakati wa kufunga jeneza ukawadia, ilibidi nimwombe mama autoe mkono.