Mikono Juu, Bibi Anatazama Video

Enzi zetu, na msinicheke kwa sababu bado navaa sare ya kidato cha tatu, video haikutazamwa. Ilisubiriwa. Mliokulia Tunduma nilipokuwa darasa la pili mnajua: unabonyeza, kiduara kinazunguka, unakwenda kununua mihogo ya kukaanga, unakula mpaka unalamba pilipili, unarudi, kiduara bado kipo safarini. Siku hizi vitoto vya kidato cha kwanza, video ikisita kidogo tu, vinashika kichwa kama vimefiwa.

Shangazi yangu alikuwa na chumba cha intaneti karibu na mpaka: kompyuta sita, laini moja. Hakusomea popote, lakini spidi aliijua kama mpishi anavyojua chumvi. "Laini hii, kusoma barua inatosha watu sita," alikuwa akisema. "Kutazama video inatosha mmoja, na huyo mmoja awe na subira."

Basi siku moja Bibi akashuka kutoka kijijini kwake Ruanda, amenuna. Mwanawe, baba yangu mdogo, alikuwa ng'ambo kimasomo, miaka minne hajamwona. "Mnanificha. Mwanangu alishakufa." Simu? Sauti mtu yeyote anaiga. Picha? "Hata marehemu wana picha ukutani!" Ndipo baba mdogo akajirekodi video ya dakika mbili, akaiweka mtandaoni.

Shangazi akaifungua. Ikacheza kidogo, ikaganda.

"Ndiye huyo?" Bibi akauliza.

Lilikuwa shati.

Shangazi akasimama, akawageukia wateja wa zile kompyuta tano nyingine. "Jamani, mikono juu! Mtu asiguse kompyuta!"

"Dada, nina lori mpakani," akalalama wakala mmoja wa forodha.

"Lori lako unaliona. Mama yangu mwanawe hamwoni."

Wakala akainua mikono. Wote wakainua, kama tumetekwa na majambazi. Mfanyabiashara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akasema, "Bamayo, tazameni tu," akimwita mama kwa heshima ya kwao. Wale watu nawavulia kofia mpaka leo.

Laini yote ikaja kwetu. Baba mdogo akatembea, akageuka, akasema, "Shikamoo Mama," kisha video ikaganda tena, safari hii usoni. Shangazi, kwa aibu, akanyoosha mkono abonyeze. Bibi akauchapa kofi.

"Mwache hapo hapo!"

Akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Alikuwa akitafuta kovu juu ya jicho la kushoto, la siku mwanawe alipoangukia jembe. Akalipata.

"Marahaba," akaitikia. Kisha: "Amekonda. Hapikiwi huyu."

Chumba kizima kikaangua kicheko, mikono bado iko hewani.

Leo kila mtu ana mtandao wake mfukoni, hakuna wa kumwomba mwenzake ainue mikono. Likizo iliyopita nilimwonyesha Bibi video mpya ya baba mdogo kwenye simu. Ikateleza mwanzo mpaka mwisho bila kusita, nami nikajivuna kama mnara nimeusimamisha mimi.

Bibi akanirudishia simu. "Mbona ana haraka hivyo? Msimamishe."

Nikaigandisha kwa kidole. Akaisogeza mpaka puani, akaanza kulitafuta jicho la kushoto.